Somo la Tano: Kuku kwa Tambi, Mlo wa Jioni wa Haraka na Salama



Somo hili linahusu mlo mmoja tu: kuku kwa tambi, unaopikwa katika sufuria moja na kuliwa ukiwa wa moto. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni mlo unaopendwa na familia nyingi za wilaya za Ngara na Biharamulo, hasa katika miezi ya mvua, pale ukungu unaposhuka vilimani jioni na watoto kurudi kutoka shuleni wakiwa wamelowa. Pili, mlo huu mdogo unakusanya pamoja karibu kila jambo ambalo mlaji anapaswa kulijua: kusoma lebo, kukagua mizani, kuchagua nyama, kunawa mikono, kutumia moto ipasavyo na kuhifadhi kilichobaki. Anayeweza kuupika mlo huu kwa usalama anaweza kupika kwa usalama karibu mlo wowote mwingine.

Ukimaliza somo hili utaweza:

1. Kukagua pakiti ya tambi kabla ya kuilipia.
2. Kumtambua kuku anayefaa kuliwa na asiyefaa.
3. Kupika kuku kwa tambi kwa muda usiozidi saa moja.
4. Kuamua chakula kipi kilichobaki kinaweza kuliwa na kipi kinapaswa kumwagwa.
5. Kujua pa kupeleka malalamiko unapouziwa bidhaa isiyofaa.

SEHEMU YA KWANZA: TAMBI

Tambi hutengenezwa kwa unga wa ngano uliokandwa kwa maji, ukapitishwa katika matundu na kukaushwa. Katika mwambao na visiwani, tambi nyembamba hukaangwa kidogo, zikapikwa kwa sukari na tui la nazi, na huonekana sana mezani wakati wa futari. Kwetu huku bara, tambi huliwa zaidi kwa chumvi na mchuzi. Ni bidhaa ileile. Kinachobadilika ni mkono wa mpishi.

Dukani utakuta aina mbili kuu. Ya kwanza ni tambi za kawaida, nyembamba au nene, ambazo huhitaji kuchemshwa kwa dakika kadhaa. Ya pili ni tambi za haraka, zinazouzwa katika pakiti ndogo pamoja na kifuko cha viungo. Mara nyingi tambi hizi za pili zimekwisha kukaangwa kwa mafuta kiwandani, na ndiyo maana huiva upesi. Kifuko chake cha viungo huwa na chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani takribani kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vya viwandani. Kwa hiyo anayetumia kifuko cha viungo asiongeze chumvi nyingine, na anayempikia mtoto mdogo au mtu mwenye shinikizo la damu ni afadhali akiache kifuko hicho kando.

Wilaya za Ngara na Biharamulo ziko njiani. Malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Kigali hupita Nyakanazi na Lusahunga hadi Rusumo, na barabara ya Kabanga huelekea Burundi. Kwa sababu hiyo, maduka yetu yana tambi kutoka viwanda vya hapa nchini, vya nchi jirani na hata vya ng'ambo. Wingi huo ni faida kwa mlaji, mradi ajue kusoma pakiti. Angalia mambo haya sita:

Jina la bidhaa na viambato vyake. Mtu ambaye mwili wake haupatani na ngano au mayai hulindwa na mstari huu mmoja.

Uzito halisi, ulioandikwa kwa gramu.

Jina na anwani ya mtengenezaji, pamoja na nchi ilikotengenezwa.

Namba ya toleo. Namba hii humwezesha mkaguzi kulifuatilia toleo zima pindi kasoro inapogundulika.

Tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Katika pakiti nyingi, herufi MFG hutangulia tarehe ya kwanza na herufi EXP hutangulia ya pili.

Alama ya ubora. Kwa bidhaa za Tanzania, alama hiyo hutolewa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu Julai 2019 ndilo pia lenye dhamana ya usalama wa chakula. Kwa bidhaa zitokazo nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki, alama ya ubora ya shirika la viwango la nchi husika hutambulika kwa makubaliano ya Jumuiya. Pakiti kutoka Rwanda au Burundi si ya magendo kwa sababu tu imetoka huko. Kinachoitia shaka ni kukosa alama, kukosa tarehe au kukosa jina la mtengenezaji.

Zaidi ya maandishi, tazama pakiti yenyewe. Isiwe imetoboka, imelowa au kubandikwa upya. Inuse. Katika maduka madogo, tambi huwekwa wakati mwingine karibu na sabuni ya unga au dumu la mafuta ya taa, na chakula kikavu hunyonya harufu kwa urahisi. Itikise pia: ukiona unga mwingi chini ya pakiti, au vitundu vidogo katika tambi, yumkini wadudu wamekwisha kuingia.

Tambi zinazofunguliwa na kuuzwa kwa kupimwa huonekana rahisi, lakini mlaji hupoteza habari zote tulizozitaja. Hajui zilitengenezwa lini wala na nani, na mara nyingine hufungiwa gazeti, ambalo wino wake haukukusudiwa kugusa chakula. Fanya pia hesabu kabla ya kuamini kuwa ni nafuu. Tuchukue mfano wa kujifunzia tu: ikiwa pakiti ya gramu 500 inauzwa shilingi 2,500, kila gramu 100 ni shilingi 500. Ikiwa fungu la kupimwa la gramu 200 linauzwa shilingi 1,200, kila gramu 100 ni shilingi 600. Fungu dogo limegharimu fedha kidogo siku ile, lakini ni ghali zaidi. Kama fedha iliyopo haitoshi pakiti nzima, majirani wawili wanaweza kununua moja na kugawana, kila mmoja akiwa ameiona lebo.

Kisa cha pakiti yenye tarehe mbili

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipanga chumba Biharamulo mjini. Jioni moja ya mvua niliingia katika duka dogo kando ya barabara kununua tambi. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umelowa hivyo?"

"Ni mvua, mama. Naomba pakiti moja ya tambi."

Aliponipa, niliona karatasi ndogo nyeupe imebandikwa mahali pa tarehe. Niliikwangua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na tarehe nyingine, iliyokwisha kupita miezi saba nyuma.

"Mama, hapa pana tarehe mbili."

Aliichukua pakiti, akaisogeza karibu na taa, akanyamaza kidogo. "Ndivyo zilivyokuja katoni nzima, mwanangu. Mimi haya maandishi madogo siyaoni vizuri. Nilipewa bei ya chini nikashukuru."

Nilijitambulisha kazi yangu. Nilimweleza kwamba kuuza bidhaa iliyobadilishwa tarehe ni kosa, na tukaitenga katoni ile ili taratibu za ukaguzi zifuatwe. Kilichoniumiza ni swali lililofuata. Nilimuuliza kama ana risiti ya muuzaji wa jumla, ili adai fedha yake. Hakuwa nayo. Muuzaji yule alipita na gari, akashusha mzigo, akapokea fedha taslimu na kuondoka. Mtaji wa wiki nzima wa mama yule ulipotea, na hapakuwa na karatasi ya kuonyesha ulikopotelea.

Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu mara nyingi tunadhani kwamba mlaji na mwenye duka ni mahasimu. Mwenye duka naye ni mlaji mbele ya muuzaji wa jumla. Risiti humlinda yeye kama inavyokulinda wewe, na jicho lako makini kwenye pakiti moja linaweza kuokoa wateja wote ambao wangenunua pakiti zilizobaki.

SEHEMU YA PILI: KUKU

Kuku wa kienyeji ni heshima ya mgeni katika nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo. Nyama yake ni ngumu kiasi na supu yake ni nzito yenye ladha. Kuku wa kisasa wa nyama hulainika upesi na hufaa kwa mlo wa haraka. Wote wawili ni chakula kizuri. Tofauti kubwa kwa mpishi ni muda wa moto.

Ukinunua kuku akiwa hai, mtazame kabla ya kumfunga miguu. Kuku mzima ana macho maangavu, upanga mwekundu, manyoya yaliyolala vizuri, na hukurupuka anaposhikwa. Usimnunue kuku aliyejikunyata na kushusha mabawa, anayetokwa na ute puani, anayehara au aliyepinda shingo. Dalili hizo huweza kuwa za kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, au za ugonjwa mwingine. Kuku wanapokufa kwa wingi mtaani, mwarifu ofisa mifugo wa kata. Usikubali kabisa kula kibudu, hata kama bei yake ni ndogo. Kuku aliyekufa mwenyewe hajulikani ameuawa na nini.

Ukinunua kuku aliyekwisha kuchinjwa, nyama iwe na unyevu bila utelezi, isiwe na harufu mbaya, na ukiibonyeza kwa kidole irudi mahali pake. Kuku wa kugandishwa awe mgumu kote. Ukiona ndani ya mfuko barafu nyingi iliyochanganyika na damu, yawezekana aliyeyuka akagandishwa tena, na hapo bakteria walipata nafasi ya kuongezeka.

Kwa kuku wa kisasa, muulize mfugaji swali moja: kuku hawa walipewa dawa lini? Kila dawa ya mifugo ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo yake, ambao unapaswa kupita kabla ya mnyama kuchinjwa, ili mabaki ya dawa yasiingie kwa mlaji. Mfugaji mwaminifu hachukizwi na swali hilo, na anayeulizwa na wateja wengi hujifunza kuweka kumbukumbu.

Ikiwa nyama inauzwa kwa kilo, tazama mizani. Kabla ya nyama kuwekwa, mshale au tarakimu zisimame kwenye sifuri. Mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kuwekewa alama ya uhakiki. Una haki ya kuomba kuiona.

SEHEMU YA TATU: MIKONO, UBAO NA MAJI

Mwezi Januari 2025 Serikali ilitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, na mwezi Machi mwaka huohuo ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Ugonjwa ule hautokani na kuku. Wanaobeba virusi vyake kwa asili ni popo walao matunda. Hata hivyo, siku zile zilitufundisha jambo moja ambalo tusiliache lipotee. Ndoo za bomba na vibuyu chirizi vilisimama milangoni, na kila aliyeingia alinawa kwa sabuni. Vifaa hivyo sasa vihamie jikoni. Bakteria wanaoishi katika nyama mbichi ya kuku, kama Salmonella na Campylobacter, huhara watu wazima na wanaweza kumdhoofisha mtoto mdogo kwa siku moja tu.

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kuanza kupika, baada ya kushika nyama mbichi, baada ya kutoka chooni na baada ya kumsafisha mtoto.

Nyumba nyingi zina kisu kimoja na ubao mmoja. Hilo si tatizo ukifuata mpangilio: katakata mboga kwanza, zifunike kando, kisha katakata kuku. Ukianza na kuku, maji ya nyama mbichi yatabaki kwenye ubao na kuhamia kwenye giligilani au kachumbari isiyopita motoni. Ukimaliza, osha ubao, kisu na beseni kwa sabuni na maji ya moto, kisha vianike vikauke.

Kuku aliyenunuliwa akiwa amesafishwa na kufungwa vizuri hana haja ya kuoshwa tena. Matone ya maji hurukia vyombo na kueneza bakteria, ilhali moto ndio unaowaua. Kuku aliyechinjwa na kunyonyolewa nyumbani huhitaji kuoshwa, lakini afanyiwe hivyo ndani ya beseni, kwa maji yanayomiminwa taratibu, mbali na vyombo safi. Tumia maji safi na salama. Maji ya kisima kisichofunikwa au ya mto yachemshwe kwanza.

SEHEMU YA NNE: MAPISHI

Vipimo hivi vinatosha watu 5 hadi 6.

Mahitaji

Kuku 1 wa kisasa aliyesafishwa, mwenye uzito wa kilo 1 hadi kilo 1 na robo
Tambi gramu 400
Vitunguu maji 2
Nyanya zilizoiva 3
Karoti 2
Pilipili hoho 1
Kitunguu saumu, punje 4
Tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole gumba
Mafuta ya kula, vijiko vikubwa 3
Chumvi yenye madini joto, kijiko 1 cha chai
Bizari ya manjano, nusu kijiko cha chai, ukipenda
Limao 1
Giligilani, fungu dogo
Maji safi, lita 2

Namna ya kupika

1. Menya na kukatakata mboga zote. Twanga kitunguu saumu na tangawizi pamoja. Funika.

2. Kata kuku vipande vidogo, 12 hadi 16. Vipande vidogo huiva upesi na hupunguza matumizi ya mkaa au gesi. Vipake nusu ya chumvi na maji ya nusu limao. Nawa mikono.

3. Bandika sufuria kubwa yenye nafasi, kisha tia mafuta. Yakipata moto tia vipande vya kuku, uvigeuze kwa dakika 8 hadi 10 mpaka vibadilike rangi pande zote.

4. Tia vitunguu maji. Vikilainika, tia kitunguu saumu, tangawizi na bizari. Koroga kwa dakika 1, kisha tia nyanya. Funika mpaka zipondeke.

5. Mimina lita 2 za maji na chumvi iliyobaki. Acha yachemke, kisha punguza moto na ufunike kwa dakika 20 hadi 25.

6. Hakikisha kuku ameiva. Toboa paja, mahali penye nyama nene zaidi, hadi kwenye mfupa. Majimaji yanayotoka yawe maangavu, yasiwe ya waridi, na nyama iachane na mfupa bila kuvutwa. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba sehemu ya ndani ya nyama ifikie angalau nyuzi joto 70 za Selsiasi. Kwa kuwa wengi wetu hatuna kipimajoto cha jikoni, dalili hizi ndizo za kufuata. Zisipoonekana, ongeza dakika 10 ukague tena.

7. Tia karoti, zichemke kwa dakika 3. Vunja tambi katikati, uzitie pamoja na hoho. Koroga mara moja ili zisishikane. Pika bila kufunika kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha onja.

8. Epua tambi zikiwa zimelainika lakini hazijavurugika, kwani zitaendelea kunywa supu. Kamulia limao lililobaki, nyunyiza giligilani, pakua mara moja.

Neno kuhusu muda. Maelekezo ya pakiti nyingi yameandikwa kwa kukadiria mahali ambapo maji huchemka kwa nyuzi 100. Kadiri tunavyopanda juu kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, takribani nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300. Mahali penye mwinuko wa mita 1,500, kama ilivyo kwenye vilima vingi vya Ngara, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Joto hilo linatosha kabisa kuua vijidudu vya kuku, lakini tambi na nyama huchukua dakika chache zaidi. Usione ajabu tambi za dakika 8 zikihitaji 10, pakiti haikukudanganya.

Ukitumia kuku wa kienyeji, mchemshe kwanza kwa chumvi, tangawizi na lita 3 za maji mpaka alainike. Kuku jike mkubwa au jogoo aliyekomaa huweza kuchukua saa moja na nusu. Katika sufuria ya presha ni chini ya nusu ya muda huo. Kisha kaanga vitunguu na nyanya, rudisha nyama pamoja na supu yake, na uendelee kuanzia hatua ya 7. Ukipikia mkaa au kuni, pikia mahali penye hewa ya kutosha. Kamwe usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala kwa ajili ya kuota moto. Hewa yake haina harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini.

SEHEMU YA TANO: KILICHOBAKI

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko yote tuliyoyataja, nasi tunaomba uipe sehemu hii uzito wake.

Katika nyumba nyingi, chakula cha jioni kilichobaki hufunikwa sufuriani na kuliwa asubuhi kwa chai. Hilo ni jambo la kawaida kwa baadhi ya vyakula vikavu. Kiporo cha kuku kwa tambi kina hali tofauti. Kina nyama, wanga na maji mengi, na hupoa polepole ndani ya sufuria kubwa. Kati ya nyuzi joto 5 na 60, bakteria huongezeka kwa kasi. Baadhi yao huacha mbegu ambazo kuchemsha hakuziui, na wengine hutoa sumu isiyovunjwa na moto. Kwa hiyo kauli tuliyoizoea, kwamba "nitakichemsha tena asubuhi", haiponyi chakula kilicholala usiku kucha bila jokofu.

Kanuni ni hizi:

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2.

Mwenye jokofu akigawe chakula katika vyombo vidogo visivyo na kina kirefu, ili kipoe upesi, akiweke ndani kabla ya saa hizo 2 kwisha, na akitumie siku inayofuata. Kabla ya kula akichemshe mpaka kitokote kote, mara moja tu.

Asiye na jokofu apike kadiri ya walaji. Tambi kavu hazina haraka: pika gramu 70 hadi 80 kwa kila mtu, pakiti iliyobaki ifungwe vizuri kwenye kopo lenye mfuniko. Kwa familia ya watu 2 au 3, nunua nusu kuku au vipande, badala ya kuku mzima.

Mtoto, mjamzito, mzee na mgonjwa wasipewe kabisa kiporo cha aina hii ambacho hakikuwekwa kwenye ubaridi. Tunajua kwamba kumwaga chakula kunauma, hasa pale kuku alipouzwa mbuzi ili anunuliwe, kama watani wasemavyo. Lakini nauli ya kwenda hospitali usiku na siku za kazi zilizopotea huzidi thamani ya bakuli moja la tambi. Kwa mtoto anayehara, kinachokuwa hatarini ni uhai wake.

SEHEMU YA SITA: UNAPOUZIWA BIDHAA ISIYOFAA

Kwanza, usile wala usitupe. Hifadhi pakiti, bidhaa iliyobaki na risiti.

Pili, rudi dukani uzungumze kwa staha. Mambo mengi humalizika hapo, kwa kubadilishiwa bidhaa au kurudishiwa fedha.

Tatu, isipowezekana, toa taarifa. Suala la ubora na usalama wa chakula lipeleke TBS, au kwa ofisa afya wa kata au halmashauri yako. Suala la mizani na uzito pungufu ni la Wakala wa Vipimo. Bidhaa bandia na udanganyifu wa kibiashara ni mambo ya Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Kama hujui ofisi ipi inahusika, anza na ofisi ya mtendaji wa kata; atakuelekeza.

Nne, mtu akiugua baada ya kula, mpeleke kituo cha afya na ueleze alikula nini na saa ngapi. Taarifa hiyo humsaidia mganga, na humsaidia mkaguzi kuwafikia wengine walionunua bidhaa ileile.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Pakiti ya tambi kutoka nchi jirani ina alama ya ubora ya nchi hiyo, tarehe na jina la mtengenezaji. Je, ni ya kukataliwa? Toa sababu.
2. Una ubao mmoja na kisu kimoja. Utaanza kukata nini, na kwa nini?
3. Fungu la gramu 250 linauzwa shilingi 1,400, na pakiti ya gramu 400 shilingi 2,000. Ipi ni nafuu kwa kila gramu 100?
4. Taja dalili mbili zinazoonyesha kwamba kuku ameiva.
5. Sufuria ya kuku kwa tambi imelala mezani tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Jirani anasema, "Ichemshe tu, haina neno." Utamjibu nini?

Majibu

1. Hapana, alama hizo hutambulika ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. 2. Mboga, ili maji ya nyama mbichi yasizifikie. 3. Pakiti: shilingi 500 kwa gramu 100, ilhali fungu ni shilingi 560. 4. Majimaji maangavu, na nyama kuachana na mfupa. 5. Imekaa saa 10 bila ubaridi. Moto unaweza kuua bakteria, lakini hauondoi kila sumu waliyoiacha. Imwagwe.

ZOEZI LA NYUMBANI

Leo jioni, toa pakiti zote za vyakula vikavu zilizoko jikoni mwako. Mpe mtoto anayejua kusoma kazi ya kutafuta tarehe ya mwisho wa matumizi katika kila moja na kukusomea kwa sauti. Zipange upya, ile inayokaribia kwisha muda wake iwe mbele. Kisha, mvua ikinyesha na jiko likiwa tayari, pikeni pamoja mlo huu, naye mtoto huyohuyo ndiye awakumbushe wote kunawa mikono.

Katika somo lijalo tutajifunza kuhusu maziwa: ya kuchemsha nyumbani, ya kupimwa na ya pakiti.